Fizi Zinazokataa Kupona: Mwongozo Kamili wa Tiba Isiyohitaji Upasuaji

Umesafishwa meno mara mbili au tatu. Kila mara damu hukoma wiki chache, halafu povu la mswaki linaanza tena kuwa jekundu, harufu inarudi, na jino moja la nyuma linacheza kidogo. Watu wengi hufikia hapa wakadhani mwili wao ndio mbovu, au kwamba kilichobaki ni kung'oa. Kwa kawaida sababu ni nyepesi kuliko hiyo: kilichosafishwa ni kile kinachoonekana, na ugonjwa wenyewe umekaa chini ya ufizi.

Ufizi wenye afya hulishika jino na kuacha mfereji mwembamba wa milimita 1 hadi 3 kuzunguka shingo yake. Utando wa bakteria ukikaa hapo muda mrefu, ufizi huvimba. Uvimbe huo peke yake unapona kabisa. Ukiendelea kwa mtu mwenye mwelekeo wa ugonjwa huu, mfupa unaoshika mzizi huanza kuliwa na mfereji unazama na kuwa kifuko cha milimita 4, 6, hata 9. Nyuzi za mswaki haziingii chini ya ufizi zaidi ya milimita moja hivi, kwa hiyo kilichomo humo hakiguswi. Madini hukifanya kigumu kikawa ugaga mweusi ulionatana na mzizi, na bakteria wapya hujenga juu yake.

Mfupa ulioliwa haurudi kwa kusafisha. Kinachotafutwa ni vifuko vifunge: pasiwe na kifuko kinachozidi milimita 4 kinachotoka damu kikiguswa, na pasiwe na chochote cha milimita 6 au zaidi. Shika namba hizo mbili, kwani uamuzi wote unaofuata unazitegemea.

Hatua ya 1: Pima kila jino

Daktari anayeanza kusafisha kabla ya kupima anafanya kazi gizani. Kifaa ni kijiti chembamba cha chuma chenye ncha butu na alama za milimita. Kinatembezwa taratibu kuzunguka jino na kusomwa sehemu sita: tatu upande wa shavu au mdomo, tatu upande wa ulimi au kaakaa. Kinywa chenye meno 28 kinatoa namba 168. Nguvu inayotakiwa ni ya gramu 20 hadi 25, yaani kiasi cha kubonyeza chini ya ukucha ngozi ikawa nyeupe bila kuuma. Akizidisha nguvu, ncha inatoboa nyama iliyovimba na kusoma kina kisichokuwepo.

Katika kila sehemu yaandikwe mambo haya:

- kina cha kifuko;
- kama damu imetoka ndani ya nusu dakika;
- ufizi umeshuka milimita ngapi kutoka shingo ya jino;
- jino linacheza kiasi gani: daraja la 1 ni hadi milimita 1 kwa upande, la 2 ni zaidi ya hapo, la 3 linacheza hata kwa kwenda juu na chini;
- kwa magego, kama kijiti kinaingia kwenye njia panda ambapo mizizi inagawanyika.

Usisome kina peke yake. Kifuko cha milimita 5 kwenye jino ambalo ufizi umeshuka milimita 3 maana yake jino limepoteza mshiko wa milimita 8. Jirani yake mwenye kifuko cha 6 bila ufizi kushuka ana hali nafuu, japo namba yake inaonekana mbaya zaidi.

Eksirei ya meno yaliyoathirika ni ya lazima, mizizi ionekane hadi nchani. Kisha omba nakala ya karatasi ya vipimo na uitunze kama unavyotunza kadi ya kliniki, hasa kama utabadilisha daktari.

Hapa pia ndipo meno ambayo tatizo lake si fizi yanapogunduliwa. Jino moja lenye kifuko chembamba cha milimita 9 huku majirani wote wana 3 ni la kushuku: mzizi unaweza kuwa umepasuka kwa urefu, jambo la kawaida kwenye jino lililotibiwa mzizi na kuwekewa nguzo. Au kiini cha jino kimekufa na usaha unajitafutia njia kupitia kwenye ufizi. Kipimo cha baridi kitaonyesha kama jino bado lina uhai. Jino la pili kutoka katikati, taya la juu, wakati mwingine lina mfereji wa kuzaliwa nao upande wa kaakaa unaoshuka hadi kwenye mzizi. Na kuna kujaza kulikofanywa vibaya, kukaacha ukingo unaoning'inia kati ya meno mawili. Ukingo huo usipotengenezwa, hata ukwangue mara kumi, bakteria watarudi palepale.

Fizi zenye maumivu makali, zinazonuka, ambazo ncha zake kati ya meno zimekatika kama zimeliwa, ni ugonjwa mwingine. Hutibiwa siku hiyohiyo, na mgonjwa apimwe VVU na hali ya lishe. Kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili, au meno yanayolegea ghafla upande mmoja, kichunguzwe mapema kwa ajili ya saratani.

Hatua ya 2: Rekebisha usafi wa nyumbani kwanza

Hapa ndipo tiba nyingi hufia. Vifuko vilivyokwanguliwa vizuri katika kinywa chenye utando kila siku vitarudi kujaa, na mgonjwa atasema dawa haikufanya kazi. Ndiyo maana mafunzo ya usafi huja kabla ya kukwangua. Nchini Uingereza, kipimo kinachotumika kuamua kwamba mgonjwa yuko tayari ni utando usiozidi asilimia 20 ya nyuso za meno na damu isiyozidi asilimia 30, au angalau vyote vipungue kwa nusu. Ni kipimo kizuri, kinafaa kuigwa.

Mswaki uwe laini, kichwa kidogo. Uulaze kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea ufizi, nusu ya nyuzi ziguse jino na nusu ziguse ukingo wa ufizi, kisha uutikise kwa miendo mifupi mara kumi hivi kabla ya kusogea. Dakika mbili, mara mbili kwa siku. Ile ya usiku ndiyo usiiruke. Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1,350 hadi 1,500 kwa milioni, na ukimaliza tema bila kusukutua kwa maji.

Mswaki wa mti unasafisha vizuri nyuso za nje ukitafunwa hadi nyuzi zikalainika na ncha ikakatwa kila siku. Hauingii kati ya magego. Mkaa na chumvi ya kusugulia viacheni: mzizi uliofunuka ni laini kuliko gamba la jino, na unachimbika ukabaki na mfereji.

Silaha kubwa ni brashi ndogo za katikati ya meno. Mtu mwenye ugonjwa huu karibu kila mara anahitaji saizi mbili au tatu, kwa sababu mianya ya mbele ni myembamba kuliko ya nyuma. Saizi sahihi ni kubwa kabisa inayoingia bila kulazimishwa, nyuzi zikigusa meno yote mawili bila waya kukwaruza. Ikipita bila kugusa chochote, ni ndogo, hiyo haisafishi. Iingize mlalo, isichome ufizi. Kwa magego pinda shingo yake kidogo. Sukuma na kuvuta mara tano hadi kumi kila mwanya, bila dawa ya meno, mara moja kwa siku. Ioshe, iache ikauke, itupe nyuzi zikipinda.

Damu itatoka siku za mwanzo, na hapo wengi huogopa wakaacha. Endelea. Mahali palipokuwa na uvimbe tu, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Panapoendelea kutoka baada ya hapo, kwa saizi sahihi na kila siku, ndipo penye kazi ya daktari.

Uzi wa meno ni kwa mianya ambayo hata brashi ndogo kabisa haiingii. Nyuma ya gego la mwisho tumia mswaki wenye kishungi kimoja.

Kujua unapokosea, paka rangi: kuna vidonge vya kutafuna vya kuonyesha utando, na visipopatikana dukani, matone machache ya rangi ya chakula kwenye pamba yanatosha. Panapobaki rangi baada ya kusukutua ndipo mswaki wako haufiki. Kwa watu wengi ni upande wa ulimi wa magego ya chini.

Hatua ya 3: Mambo ya mwili yanayozuia kupona

Kisukari kisichodhibitiwa ndicho cha kwanza kutafutwa. Mwenye fizi zisizopona bila sababu ya wazi apime sukari, tena kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Ikiwa ni asilimia 7 au zaidi, ugonjwa wa fizi unahesabiwa kuwa katika kundi linaloharibu haraka. Uhusiano ni wa pande mbili: tiba nzuri ya fizi hupunguza HbA1c kwa karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ndani ya miezi mitatu, punguzo linalokaribia la kuongeza dawa nyingine.

Sigara hubana mishipa ya damu ya ufizi. Mvutaji anaweza kuwa na vifuko vya milimita 7 na fizi zikaonekana kavu, ngumu, bila damu, hivyo hajui lolote mpaka meno yalegee. Vifuko vyake pia hufunga kidogo kuliko vya asiyevuta. Sigara 10 au zaidi kwa siku zinamweka kwenye kundi lilelile la kuharibika haraka. Ugoro unaowekwa mdomoni hushusha ufizi pale unapolazwa.

Dawa nazo: nifedipini na amlodipini za presha, fenitoini ya kifafa, na siklosporini ya waliopandikizwa kiungo zinaweza kunenepesha fizi zikafunika meno. Usiache dawa mwenyewe. Muulize aliyekuandikia kama kuna mbadala. Unayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au uliyewekewa vali ya moyo, mwambie daktari wa meno kabla hajashika kifaa. Mjamzito anaweza kutibiwa, na miezi ya katikati ndiyo inayomfaa zaidi.

Hatua ya 4: Kukwangua chini ya ufizi

Kazi hii hufanyika kwa sindano ya ganzi. Daktari asiyechoma ganzi kwenye vifuko vya milimita 6 ataishia pale mgonjwa anaporuka, na hapo si chini. Kawaida ni lidokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini.

Kuna njia mbili za kupanga: robo moja ya kinywa kila wiki, au kinywa chote ndani ya saa 24. Matokeo ya fizi hayatofautiani kwa kiasi cha maana. Njia ya siku moja humfaa anayesafiri mbali, lakini kwa siku chache huamsha uvimbe mkubwa zaidi mwilini, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au afya dhaifu ni bora agawiwe.

Mashine ya mtetemo hutangulia. Ncha iwe nyembamba, nguvu ya chini hadi kati, maji mengi. Anayejua kazi hulaza ubavu wa ncha kwenye mzizi na kupita kwa miendo myepesi inayopishana. Anayechoma kwa ncha yenyewe huacha mashimo. Ncha iliyolika milimita 1 imepoteza karibu robo ya uwezo wake, milimita 2 nusu, na hiyo ni ya kutupwa. Kliniki nyingi huzitumia hadi zinabaki vigutu, na hii peke yake inaeleza kwa nini ugaga wa chini hubaki.

Baada ya mashine huja kureti, vifaa vya mkono vyenye makali ya kukwangulia. Zile za aina ya Gracey zina namba, na zimepindwa kila moja kwa ajili ya uso wake: 5/6 kwa meno ya mbele, 7/8 kwa nyuso za nje na za ndani za magego, 11/12 kwa uso wa mbele wa magego, 13/14 kwa uso wa nyuma. Sehemu ya mwisho ya shina iwe sambamba na uso wa jino. Kifaa kishuke hadi chini ya kifuko kikiwa kimelazwa, kifunguliwe kwa pembe kati ya 45 na 90, kisha kivutwe juu kwa mwendo mfupi. Kureti butu haiondoi ugaga, inausugua ukawa laini kama kigae, na hata kidole chenye uzoefu kinadanganyika kwamba mzizi ni safi. Inolewe mara kwa mara, hata katikati ya kazi.

Zamani ilifundishwa kwamba mzizi ukwanguliwe hadi ung'ae kama kioo. Hilo limeachwa. Ugaga na utando vitoke, saruji ya mzizi, yaani tabaka la asili linaloufunika, ibaki kadiri inavyowezekana. Mwishoni uso wa mzizi ukaguliwe kwa ncha nyembamba na vifuko vioshwe.

Hatua ya 5: Siku na wiki zinazofuata

Maumivu ya siku moja au mbili hutulizwa na paracetamol: kwa mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Mswaki laini uendelee usiku huohuo. Brashi za katikati zirudi mara tu unapoweza kuvumilia, siku ya pili au ya tatu.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja, mara mbili kwa siku, inasaidia wakati mswaki unauma. Isizidi wiki mbili: hupaka meno rangi ya kahawia na kuvuruga ladha ya chakula. Iache nusu saa mbali na dawa ya meno, kwa kuwa povu lake huipunguza nguvu. Haiingii ndani ya vifuko, kwa hiyo haichukui nafasi ya kukwangua.

Meno yatapata ganzi kwa maji baridi (ganzi hii ni ile ya embe bichi, si ya sindano). Kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache. Dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya ganzi hii, ikipakwa kwa kidole usiku bila kusukutuliwa, inafaa.

Na meno yataonekana marefu, yenye mianya. Mgonjwa asipoambiwa mapema atasema daktari amemharibu. Ufizi ulikuwa umejaa maji ya uvimbe; uvimbe ukiisha unakaa pale mfupa ulipo. Mianya ikiongezeka, panda saizi ya brashi.

Hatua ya 6: Pima tena baada ya miezi miwili hadi mitatu

Usipime kabla ya wiki sita. Nyama mpya bado ni changa na kijiti kitaichana. Kati ya wiki 8 na 12 vipimo vyote vinarudiwa na kuwekwa kando ya vile vya kwanza. Kwa wastani vifuko hupungua milimita 1 hadi 2, na vilivyokuwa na kina kirefu hupungua zaidi. Kifuko cha 5 kina nafasi nzuri ya kufunga. Cha 9 hakitashuka hadi 3 kwa mkono wa mtu yeyote.

Hatua ya 7: Vifuko vilivyobaki

Kosa la kawaida hapa ni kurudia kusafisha kinywa chote. Kukwangua mahali penye milimita 2 au 3 kunapoteza mshiko wa jino bure. Orodhesha sehemu zilizobaki tu, kisha tazama kila moja.

Sehemu ya milimita 4 au 5 inayotoka damu: ikwanguliwe tena, kwa ganzi, kwa ncha nyembamba zaidi au kureti ndogo, na brashi ya mahali hapo ikaguliwe saizi.

Sehemu ya 6 au zaidi: jaribio la pili linaruhusiwa, hasa kwenye meno ya mbele yenye mzizi mmoja au kama la kwanza lilifanywa haraka. Lakini mipaka ya kufanya kazi bila kuona inajulikana. Katika utafiti wa Caffesse na wenzake wa 1986, kwenye vifuko vya zaidi ya milimita 6 ni asilimia 32 tu ya nyuso zilizotoka bila ugaga kwa kukwangua kusiko na upasuaji. Ufizi ukifunguliwa zilifika asilimia 50. Na mtafiti Bower alionyesha mwaka 1979 kwamba milango mingi ya njia panda za magego ni myembamba kuliko upana wa kureti ya kawaida. Kifaa hakiingii, si uzembe wa mtu. Hapo upasuaji mdogo wa kufungua ufizi unajadiliwa kwa jino husika, si kwa kinywa chote.

Antibiotiki hazitolewi kwa kila mtu. Zinafikiriwa kwa kijana mwenye uharibifu mkubwa ulioenea, na huanza siku kukwangua kunapokamilika, kwa sababu utando usiovunjwa huwakinga bakteria. Mchanganyiko unaojulikana ni amoksisilini miligramu 500 pamoja na metronidazoli miligramu 400, mara tatu kwa siku kwa siku saba, kwa cheti cha daktari. Mwenye mzio wa penisilini asitumie; pombe isiguswe; na metronidazoli huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi kutokwa damu. Kununua Flagyl (ndiyo metronidazoli) duka la dawa kila fizi zinapovimba hutuliza jipu wiki mbili, huku mfupa ukiendelea kuliwa kimyakimya.

Leza hatupendekezi ulipie. Ikiongezwa kwenye kukwangua, haijaonyesha faida inayolingana na gharama. Maji ya chumvi yanatuliza, hayatibu.

Baada ya hapo

Mwaka wa kwanza rudi kila miezi mitatu. Ukitulia, muda unaweza kusogea hadi sita, na kwa wachache mwaka mmoja. Kila ziara ianze na vipimo, si na mashine: utando upakwe rangi, damu ihesabiwe, vifuko vya zamani vipimwe, ndipo ugaga mpya utolewe pale ulipo. Jino linalocheza kwenda juu na chini, lenye mfupa uliofika nchani mwa mzizi na usaha unaorudi, liondolewe kabla halijala mfupa wa jirani. Na sehemu yoyote iliyozama milimita 2 au zaidi tangu ziara iliyopita itibiwe siku hiyohiyo, kisha ipangiwe kupimwa tena baada ya wiki nane.